Kupiga Windo Upya

Mazabodi ilifika Jumanne na basi la usiku,
imefungwa kwa gazeti na soksi moja ya mtoto.
Elifuraha akaikaza kwa bisibisi yake ya mpini wa kijani,
akaongeza ramu, akaongeza diski isiyo na kelele,
akahamishia humo kila kitu cha zamani, kama kilivyo,
akabonyeza, akarudi nyuma hatua moja
kama mtu aliyewasha baruti ya kupasulia mawe.

Ikawaka.
Paka wangu yuleyule kwenye kioo,
faili zilezile, zimejipanga vibaya vilevile.
Nilipiga kigelegele hadi jirani wa duka la pembejeo
akaja mbio, akidhani nimeuza.

"Imewaka," alisema Elifuraha, "ila haijapona.
Mwili ni wa leo, akili ni ya juzi.
Bado inatafuta vyuma nilivyoving'oa.
Nipe saa tatu niifute, nipige windo upya."
Akavuka barabara kwenda kula.

Kwetu Kibosho mfongo ulipita kwa shangazi Ndekirwa
miaka arobaini. Migomba ikang'olewa,
pakajengwa banda la ng'ombe. Maji hayakuambiwa.
Masika ya kwanza yakaingia bandani usiku
yakitafuta migomba.
Nilicheka wakati ule.
Sasa mashine inanyamaza sekunde kumi kabla ya kila faili,
nami najua: imekwenda bandani.

Lakini mna kamusi ndogo ndani yake, niliyoilisha mimi.
Ilipokuja hapa Mbuyuni haikumjua mtu.
Kila jina ililipigia mstari mwekundu
kama mwalimu mwenye njaa:
Aikaruwa, kosa. Ndelilio, kosa.
Kirua, kosa. Uru, kosa. Mlima mzima, kosa.
Nikaifundisha. Bonyeza, ongeza. Bonyeza, ongeza.
Kwa ratiba za mazishi, kadi za kipaimara,
mihtasari ya vikoba vilivyokufa na vilivyo hai,
hadi siku moja nikachapa ukurasa mzima wa wafiwa
bila tone la wekundu,
nikakaa nikiutazama, chai ikapoa.

Nilimuuliza fundi: kamusi hiyo inahamishika?
Akasema ndiyo, kama ataikuta.
(Fundi akisema "kama", anza kuhesabu hasara.)
Nikamwambia: kinachowaka hakiguswi.
Akaandika namba yake ukutani kwa penseli
ingawa anajua ninayo.

Sauti ikapotea. Nikameza, sikuihitaji.
Siku ya kumi na moja printa ikatoa karatasi nyeupe,
safi, moja baada ya nyingine, kwa bidii.
Alhamisi wakaja ndugu wawili wa Uru
na wasifu wa marehemu baba yao, kurasa nne za mkono,
gari linatoka Mawenzi saa sita.
Nilikuwa nimefika pale alipostaafu reli
skrini ikageuka bluu,
bluu tupu yenye kauso kadogo ka huzuni.
Wale ndugu walivua kofia.
Walidhani ndivyo inavyofanya kwa misiba.

Wasifu ukaenda kumalizikia duka la pili, kwa mpinzani wangu.

Nilimpigia Elifuraha. Hakusema "nilikwambia."
Alisema "naja,"
na hilo ndilo lililouma.

Jumapili, baada ya ibada, akafuta.
Kamusi hakuiona; au aliiona asiijue,
sikumchunguza sana.
Diski kuukuu ipo kwenye bati la biskuti
pamoja na funguo zisizo na milango.
Na mashine? Inafunguka sijakaa sawasawa kitini.
Haikwami, haitafuti. Haimjui yeyote.

Kazi ya kwanza ilikuwa risiti yake:
Amelipwa Elifuraha Kimambo, shilingi elfu thelathini.
Mstari mwekundu chini ya jina la kwanza,
mstari mwekundu chini ya ukoo.
Akainama kutazama, brashi ya vumbi mkononi.
"Hii nimeizaa mimi," alisema, "na inanikana."
Nikasogeza kipanya.
Bonyeza,
ongeza.